Fundi wa ukarabati aanze na programu gani ya kuchorea?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi hapa Dar es Salaam na kazi zangu nyingi ni za kukarabati nyumba za zamani: kuvunja ukuta wa sebule, kuingiza jiko ndani, kuongeza choo cha masta. Siku hizi wateja wananitumia picha walizozitoa kwenye simu, wanataka kuona nyumba yao itakavyokuwa kabla sijashika nyundo. Nina laptop yenye RAM ya GB 4. Kijana mmoja ameniambia nijifunze ArchiCAD, mwingine anasema SketchUp, na dukani kuna flashi ya elfu ishirini yenye programu zote hizo. Nianze na ipi, na itanichukua muda gani mpaka nimwonyeshe mteja kitu cha maana? Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

JIBU: Fundi, anza na Sweet Home 3D. Ni ya bure, haikukatazi kuitumia kwenye kazi ya kulipwa, na kompyuta yako itaibeba. Ukishaizoea, hamia SketchUp kwa zile kazi zinazohitaji umbo gumu. ArchiCAD iache kwanza, na hiyo flashi usiinunue kabisa.

Wanaokushauri ArchiCAD hawajakosea, ila wanafikiria kiwanja kitupu. Mwenye kiwanja kitupu anachora anachotaka, halafu nyumba inajengwa kufuata mchoro. Wewe nyumba imekutangulia. Ukuta una unene wake, kona haziko mraba, sakafu ya ukumbi iko chini kidogo ya sakafu ya vyumba, na chemba ya maji machafu iko pale pale mama mwenye nyumba anapotaka jiko. Kwa hiyo usiiulize programu kama inatoa picha nzuri. Karibu zote zinatoa. Iulize inaipokeaje nyumba iliyopo. Mimi naangalia mambo matatu: kama naweza kuandika urefu wa ukuta kwa namba badala ya kuuburuta kwa macho, kama naweza kubadili unene wa ukuta mmoja bila kugusa mingine, na kama kuna njia ya kutenganisha kilichopo, kinachobomolewa na kinachojengwa upya. Programu nyingi za simu, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kupanga makochi, zinachechemea kwenye hilo la tatu.

Unene wa ukuta unaonekana jambo dogo mpaka likuumize. Ukiingia YouTube utakuta wakarabati wa Marekani wanaisifu sana Chief Architect, ya kampuni iliyoko Coeur d'Alene, jimbo la Idaho. Kwa kazi yao ni programu nzuri kweli. Lakini ukuta wao wa kawaida wa ndani ni mbao za inchi 3½ zilizofunikwa kwa ubao wa jasi wa nusu inchi kila upande, jumla inchi 4½, yaani sentimita 11 na nusu hivi. Ukuta wako wa tofali la inchi 6 lililosimamishwa, ukishapigwa lipu pande zote mbili, unafika sentimita 18. Ukiacha programu iweke ukuta wake wa kuzaliwa, kila ukuta unapungukiwa sentimita 6 na nusu. Nyumba yenye kuta tano kutoka mwanzo hadi mwisho inapotea karibu sentimita 33, na hizo ndizo ulizokuwa unazitegemea kwa mlango wa choo. Ambapo tofali limelazwa, ukuta unafika sentimita 26, na kosa linakuwa kubwa zaidi. Basi kitu cha kwanza kufanya ukifungua programu yoyote ile, kabla hujachora hata mstari, ni kuingia kwenye mipangilio, kuchagua vipimo vya metriki na kubadili unene wa kuta mpya.

Sweet Home 3D ilitoka mwaka 2006, imeandikwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret, na ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Skrini yake imegawanyika: juu unachora ramani kwa kuangalia kutoka angani, chini nyumba inajitokeza yenyewe ikiwa imesimama. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchora kwenye kompyuta hilo ni jambo kubwa, maana ukikosea unaona palepale. Unapochora ukuta, bonyeza Enter na kisanduku kitatokea uandike urefu na pembe. Kuta zikishafunga chumba, chagua kifaa cha vyumba, bofya mara mbili katikati, na programu itakupa eneo la sakafu. Chumba cha mita 3.60 kwa 4.20 kitasoma mita za mraba 15.12. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 16.63. Boksi la marumaru za 60 kwa 60 lenye vipande vinne linafunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo unamwambia mteja boksi 12, bila ubishi na bila kurudi dukani katikati ya kazi. Ukuta nao ni hivyo hivyo: zidisha urefu kwa kimo, toa milango na madirisha, kisha hesabu tofali 9 hadi 10 za inchi 18 kwa 9 kwa kila mita ya mraba. Naamini sehemu hii ya hesabu itakulipa haraka kuliko picha.

Kama mteja ana ramani ya karatasi, unaweza kuiingiza kama picha ya chini na kuchora juu yake. Programu itakuuliza mstari mmoja una urefu gani ili ipate kipimo. Chagua mstari mrefu kuliko yote, maana kosa la milimita moja kwenye mstari mfupi linakua ukifika mwisho wa nyumba. Ramani iskaniwe ikiwa imelala bapa. Ile picha ya WhatsApp iliyopigwa kwa kuinamia meza imeshapinda, haitakaa sawa hata ufanyeje. Na hata iwe safi namna gani, usiiamini mpaka uende na futi kamba. Nyumba nyingi za kwetu zilibadilishwa njiani wakati zinajengwa: dirisha lilihama kwa sababu ya mwembe wa jirani, chumba kikaongezwa futi mbili kwa sababu tofali zilibaki.

Hapo kwenye futi kamba ndipo kazi ilipo, na hakuna kozi ya programu inayokufundisha vizuri. Fundi wengi wanapima chumba pande mbili tu, urefu na upana, wanaondoka. Pima pande zote nne na mishazari yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona inayoikabili. Wewe unaijua ile tatu-nne-tano ya kupigia skweya kwenye msingi. Mshazari ni kitu kile kile kwenye nyumba iliyokwisha kusimama. Chumba chetu cha 3.60 kwa 4.20 kikiwa mraba, mishazari yote miwili inasoma 5.53. Ukipata mmoja 5.58 na mwingine 5.48, chumba kimelala kiasi cha digrii moja. Digrii moja kwa kusikia si kitu, lakini mwisho wa ukuta wa mita 4.20 ni sentimita 7 zilizopotea. Kabati la jiko lililopimwa kwa chumba mraba litaacha ufa wa kuingiza mkono, na mstari wa marumaru ukutani utaanza na kipande kizima umalizie na kabari. Ukilijua hilo kabla, unaanzia marumaru katikati au unaficha kabari chini ya makabati. Ukilijua baada ya kumwaga gundi, ni hasara yako.

Andika pia kimo cha dari kwenye kona zote, kimo cha kizingiti cha dirisha kutoka sakafuni, kimo cha chini ya linta (boriti ya juu ya mlango na dirisha), unene wa ukuta kwenye kila mlango, na ngazi zozote za sakafu hata ya sentimita 3. Weka alama ya meinswichi, soketi, bomba linaloingia, mkondo wa maji machafu na kila chemba, pamoja na kina chake, kwa sababu jiko au choo kipya kitahitaji mteremko wa kutosha kufika hapo, na mteremko ukikosekana hakuna programu itakayokusaidia. Piga picha kutoka kila kona. Mita ya leza inasaidia sana ukiwa peke yako, ila kwenye jua kali alama yake haionekani, hivyo futi kamba ibaki mfukoni. Ukiitwa Zanzibar kukarabati nyumba ya Mji Mkongwe, zidisha uangalifu huu mara mbili: kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa nusu mita na zaidi, hazilingani kutoka ghorofa hadi ghorofa, na upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Huko hata kuhamisha dirisha kuna mamlaka ya uhifadhi ya kuomba ruhusa.

Sasa kilichopo, kinachobomolewa na kipya. Programu kubwa, Revit na ArchiCAD, zina chombo maalumu cha hilo. Unauambia kila ukuta uko kundi gani, kisha kwa kubofya unatoa mchoro wa nyumba kama ilivyo, mchoro wa kubomoa na mchoro wa mwisho. Sweet Home 3D haina. Njia yangu kwa wanaoanza ni kutunza mafaili matatu. La kwanza ni nyumba ilivyo leo. Likikamilika, lifunge na usiliguse tena. Linakili ulipe jina la kubomoa, upake rangi kuta zinazoondoka. Linakili tena ulipe jina la mpya. Kwa rangi nafuata desturi ya wachoraji wa Ujerumani na Italia: cheusi kilichopo, njano kinachobomolewa, nyekundu kinachojengwa. Mpe kijana wako karatasi hiyo ikiwa imebandikwa ukutani na hatabomoa ukuta usiohusika, hata kama wewe umeenda Kariakoo kufuata nondo.

Tahadhari moja. Kwenye skrini ukuta unafutika kwa kubofya, na mteja akishaona sebule imefunguka moyo wake umeshahama. Kwa hiyo usimwonyeshe ukuta umeondoka kabla hujapanda darini. Kenchi nyingi zetu zimeundwa papo hapo na fundi seremala, na mara nyingi zina nguzo iliyokalia ukuta wa ndani ambao kwa kuutazama chini ungesema ni wa kugawa vyumba tu. Kwenye ghorofa ukuta au boriti ya zege inaweza kuwa imebeba slabu. Ukiwa na shaka, muite mhandisi aone kwanza. Na mchoro wako, hata upendeze vipi, ni wa kuzungumza na mteja na kukadiria vifaa. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinataka michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa. Wabunifu majengo wako chini ya AQRB, bodi inayowasajili wao na wakadiriaji majenzi. Mpelekee faili lako lenye vipimo sahihi, utampunguzia kazi na bei yake inaweza kushuka.

SketchUp ni hatua inayofuata kwa sababu inafikiri kama fundi. Unachora umbo bapa, unalisukuma au kulivuta, linakuwa ukuta, ngazi, kaunta, fremu. Kwa makabati ya jiko, baraza yenye matao au grili, Sweet Home 3D inabana, SketchUp haibani. Ilitoka mwaka 2000, Google wakainunua 2006, kisha Trimble 2012, na kila mmiliki mpya amebadilisha masharti. Toleo la bure la leo linafanya kazi kwenye kivinjari, linahitaji intaneti iliyotulia, na masharti yake yanaliruhusu kwa matumizi binafsi tu, si kwa kazi ya mteja. Toleo la kulipia ni mamia ya dola kwa mwaka. Jifunzie la bure kwa kuchora nyumba yako. Siku kazi mbili tatu zikikulipa kwa sababu ya michoro, nunua. Kuna jambo la kuchekesha humo: programu ilizaliwa Boulder, Colorado, na usipoiambia uko wapi, jua lake ni la Boulder, yaani mchana linabaki upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam jua la Juni liko kaskazini, la Desemba kusini. Fundi asiyejua atamwahidi mteja kivuli barazani ambacho hakitakuja. Weka mahali ulipo kabla ya kuwasha vivuli. Sweet Home 3D nayo ina dira ya kuwekea latitudo na kaskazini ya nyumba.

AutoCAD ijue kwa jina na kwa mafaili yake ya DWG, kwa sababu wahandisi watakutumia. Kujifunza kuifungua na kupima ndani yake kunatosha kwa sasa. Leseni yake kamili inapita dola 1,500 kwa mwaka na haikupi kwa urahisi picha ambayo mteja wako anaitaka. ArchiCAD na Revit zitakufaa siku utakapokuwa na ofisi na mchoraji uliyemwajiri. Zinataka kompyuta ya GB 16, na zinataka uijue lugha ya michoro ya ujenzi kabla ya kuijua programu. Wengi wanaoanza na hizo wanaishia kujua menyu bila kujua kuchora.

Flashi ya elfu ishirini ina matatizo mawili ukiacha la sheria. Kopi hizo kwa kawaida zinakutaka uzime kinga ya virusi ndipo ziingie, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye picha za nyumba za watu, mikataba na namba zako za benki. La pili, kopi inaweza kukataa kufungua siku yoyote, na mafaili yako ya toleo jipya yanaweza yasisomeke kwenye toleo la zamani la fundi mwenzako. Sweet Home 3D ipakue kwenye tovuti yake rasmi. Ukiwa na bando dogo, nenda sehemu yenye Wi-Fi mara moja tu, kisha inafanya kazi bila intaneti.

Kuhusu picha za mteja: usianze na picha inayong'aa. Anza na kuta nyeupe na vitu vyake mwenyewe. Kitanda kilichomo kwenye maktaba ya programu ni cha vipimo vya ugenini. Chako kibadilishe kiwe cha 5 kwa 6, sentimita 152 kwa 183, au 6 kwa 6, sentimita 183 kila upande. Pima friji yake, kabati lake la vyombo, kochi la urithi ambalo mzee hataki liuzwe. Mteja akiona kochi lake halipiti kwenye mlango mpya, mazungumzo yanakuwa ya kweli. Rangi na taa zije mkutano wa pili, na ukiweka marumaru kwenye picha, iwe ile uliyoiona dukani ikiwepo. La sivyo atakudai jiwe la maktaba ya Ulaya. Zile picha za akili bandia, unapiga picha ya chumba inarudi kimepambwa, mruhusu mteja azitumie kukuonyesha anachopenda. Hazina kipimo hata kimoja, na mara nyingi zinahamisha dirisha bila kusema.

Kiingereza kisikutishe. Maneno unayohitaji mwanzoni hayafiki thelathini: ukuta, mlango, dirisha, kimo, unene, nakili, hifadhi, chapisha. Yaandike kwenye daftari pamoja na alama yake ya kwenye skrini. Video za lugha yoyote zinafuatika ukizima sauti na kutazama kipanya kinabofya wapi.

Muda unategemea unachora nini. Ukikaa na programu saa moja kila jioni, ndani ya wiki mbili utakuwa umechora nyumba unayoishi, na nyumba unayoishi ndiyo mwalimu mzuri kwa sababu ukikosea unainuka kwenda kupima. Baada ya hapo chora kazi uliyokwisha kuimaliza na hesabu zake unazikumbuka. Linganisha tofali na marumaru za programu na zile ulizonunua. Zikikaribiana, uko tayari kwa mteja, na kwa wengi hiyo ni kama mwezi mmoja. Kozi ya kulipia usiilipie kabla ya hatua hiyo. Ukifika hapo utajua cha kumuuliza mwalimu, na ukiona kozi inaanza na picha za kung'aa bila kupima chumba hata kimoja, tafuta nyingine.

Kompyuta usibadilishe sasa. Kwa GB 4, funga kivinjari unapochora, usijaze nyumba samani zenye maelezo mengi, na picha za mwisho zitoe kwa ukubwa mdogo. Laptop nyingi za zamani zinakubali kuongezewa RAM hadi GB 8 kwa gharama ndogo. Mpelekee fundi wa kompyuta aifungue aone kama ina nafasi. Ukija kununua nyingine kwa ajili ya SketchUp, tafuta GB 16, diski ya SSD, na kadi ya picha inayojitegemea, hata kama ni mtumba. Na kipanya chenye gurudumu kinunue leo hii, maana kuchora kwa kidole kwenye kibao cha laptop ndiko kunakowafanya wengi waache wiki ya kwanza.